Mzee Aliyekatwa Kwenye Kanda

Bado nina hasira na ile kanda ya video, na sitaki mtu aniambie kwamba ni sinema tu.

Wakati wa vita vya Kagera mume wangu alikuwa mstari wa mbele. Mimi nilibaki Bukiriro, katika kijiji cha ujamaa, pamoja na baba mkwe. Jioni moja likaja gari la sinema. Tulizoea kuonyeshwa namna ya kuchimba choo na kuchemsha maji ya kunywa. Siku hiyo, baada ya habari za vita, mwonyeshaji akaweka filamu ya zamani ya Wazungu, isiyo na rangi. Lugha yake hakuna aliyeijua. Mzee mmoja anaambiwa ahame kwake, panajengwa bwawa. Anatoa vyombo, anampakia punda, kisha anarudi ndani na kuanza kufagia. Anafagia chumba baada ya chumba, taratibu. Hakuna muziki, hakuna neno, ni ufagio tu.

Watu walikuwa wakipiga kelele tangu mwanzo. Hapo wakanyamaza wote. Baba mkwe, ambaye miaka michache nyuma alihamishwa kutoka kwenye migomba yake, akaniinamia.

"Hata mimi nilifagia," akasema. "Ninyi mlikuwa mmeshatangulia na mizigo."

Hakuwahi kutamka neno juu ya siku ile ya kuhama. Alifariki kabla mwanawe hajarudi kutoka vitani.

Mume wangu nilimsimulia mara nyingi. Kwa hiyo miaka mingi baadaye, tukiwa tumehamia Biharamulo, nilipopita kwenye duka la kanda nikamwona mzee yuleyule na punda wake kwenye televisheni, niliinunua palepale.

Tukakaa kuangalia. Kumbe wameweka mtafsiri, anapayuka filamu nzima. Mzee aliposhika ufagio, yule bwana akacheka: "Babu anafanya usafi, bibi mpya anakuja!" Mara picha ikaruka. Mzee yuko barabarani na punda.

"Ndiyo hiyo?" mume wangu akauliza.

Nikazima televisheni.

Asubuhi nikarudi dukani.

"Shikamoo, mama," muuzaji akasema.

"Marahaba. Mzee anafagia wapi?"

"Kufagia?"

"Ndani ya nyumba yake. Mmeikata sehemu hiyo."

"Aa, mama, pale hapakuwa na kitu. Watu wanasinzia. Na maneno tumewawekea ili waelewe."

"Nani kakwambia hatuelewi? Kijiji kizima, wengine hata Kiswahili kiliwapiga chenga, tukaelewa bila mtu kutupigia makelele masikioni! Hicho mlichokitupa ndicho kilichokuwa filamu!"

Akanipa pole, akataka anibadilishie kwa filamu ya karate. Nilimwachia karate yake nikaondoka; kanda yangu ilikuwa nyumbani. Ni nani aliyempa mkasi mtu asiyejua anachokata?

Nilipofika nyumbani nilimkuta mume wangu ameiweka tena, safari hii amezima sauti. Alikuwa ameisimamisha pale mzee anapouchukua ufagio.

"Alianzia chumba gani?" akaniuliza.

"Cha kulala," nikasema. Nikavuta kigoda, nikamweleza chumba kwa chumba, na hasira zangu zilezile.