Manju wa Ghala la Nyahanga

Pale Nyahanga, mjini Kahama, kulikuwa na ghala la mpunga ambalo foklifti yake, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ilikuwa bubu. Honi ya kurudi nyuma ilikufa zamani, na mwenye ghala, Bwana Herman, kila akikumbushwa alijibu, "Nitaleta fundi." Fundi gani! Makuli wakajitengenezea utaratibu wao. Waliobeba magunia waliimba, kama wazee wao walivyoimba wakilima. Wimbo ukisikika, watu wako njiani, foklifti haisogei. Wimbo ukikatika, njia nyeupe, dereva Maduhu anarudi nyuma.

Manju wao, kiongozi wa nyimbo, alikuwa Asteria, Mama Hosiana, mshona magunia mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima. Akianzisha yeye, hata mvivu alijikuta na gunia begani.

Siku ya balaa, Bwana Herman alipigiwa simu na mteja wa Geita, akafoka, "Kimya hapo! Naongea na watu wa maana!" Wimbo ukakatwa katikati. Maduhu, ambaye marundo ya magunia yalimziba asione nyuma, akajua njia nyeupe. Asteria alikuwa ameinama nyuma ya foklifti akishona gunia lililopasuka. Alitoka hospitali na mguu mmoja.

Mguu aliulilia, machozi yakaisha. Kilichomkosesha usingizi ni maneno ya Herman, kwamba mama yule ni mzembe, Maduhu ni mzembe mwenzake, na ghala halihusiki kabisa.

Maduhu alikuja kumwona macho yakiwa chini. "Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Nikusamehe nini, mwanangu? Aliyetunyamazisha unamjua. Hilo kosa atalibeba mwenyewe, na atalibeba mbele za watu."

Akafungua kesi. Mahakamani wakili wa Herman alicheka waziwazi. "Mheshimiwa, tunaambiwa usalama wa ghala zima ulitegemea nyimbo?" Makuli waliokuja kusikiliza wakainamisha vichwa. Lakini hakimu, mama wa makamo asiyecheka ovyo, akasema atakwenda kujionea.

Siku aliyofika ghalani pamoja na wakili, Asteria alisimama ukutani na gongo lake la kutembelea. "Fanyeni kazi kama mlivyozoea," hakimu akasema.

Asteria akaanzisha. Hakuwa ameimba tangu ajali. Sauti ilitoka imekwaruza, halafu ikakunjuka, makuli wakaipokea, ghala likajaa. Foklifti ilinguruma palepale bila kusogea.

"Mbona huendi?" hakimu akamuuliza Maduhu.

"Wimbo haujakatika, mheshimiwa."

Hapo ndipo simu ya Bwana Herman ilipoita. Mazoea jamani! Alisahau kesi, akasahau hakimu, mkono ukapanda wenyewe. "Kimya hapo!"

Makuli wakanyamaza. Mikono ya Maduhu nayo ikafuata mazoea, na foklifti ikaanza kurudi nyuma, kuelekea alipokuwa amesimama wakili, aliyeipa mgongo akiandika. Asteria hakungoja ruhusa ya mtu. Akaupaza ule wimbo kwa nguvu zote za kifua chake.

Foklifti ikasimama papo hapo. Wakili akageuka, akaiona karibu na kiuno chake, kalamu ikamponyoka. Kile kicheko chake hakikurudi tena hadi kesi ilipokwisha.

Hakimu akamtazama Herman, simu bado iko sikioni. "Endelea na mteja wako," akamwambia. "Mimi nimeshaona."

Siku ya hukumu makuli walijaa mpaka madirishani. Uzembe ni wa mwajiri, hakimu akasoma: aliiacha honi ife, kisha akaunyamazisha wimbo ulioshika nafasi yake. Asteria hana kosa. Maduhu hana kosa. Furaha ilimpanda Asteria. Alitaka kucheka, alitaka kulia, akafanya yote mawili bila haya. Herman alitoka kwa mlango wa pembeni.

Nje, Maduhu alikuwa ameshawasha pikipiki ya kumrudisha nyumbani. Makuli wakamzunguka manju wao, wakimshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, Mama Hosiana! Wabeja sana!" Asteria akaegemea gongo, akavuta pumzi, akaanzisha wimbo.

Maduhu akazima injini, akakunja mikono, akangoja amalize.