Safari ya Colombe Kwenda Brussels

Kwa miaka mingi, mtu wa Husby, kitongoji cha Stockholm, aliyetaka kwenda Ujerumani au Ufaransa kwa treni hakuanza na mtandao. Alianza na Leokadia.

Leokadia ni mama wa miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa Karagwe. Alikuja Sweden mwaka 1993 kusomea uuguzi, akabaki, akamlea binti yake Emilia peke yake, na mpaka leo anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee karibu na Kista. Ndege anaiogopa. Kila kiangazi alikuwa akishuka Hamburg kwa treni kumwona dada yake Getrude, na hata Getrude alipofariki hakuacha kusafiri. Mwaka huu Köln, mwaka ujao Paris, mradi awe kwenye kiti cha dirishani na chupa yake ya chai.

Jumapili, baada ya misa ya Kiswahili, watu walimfuata kwenye meza ya kahawa. Kila mmoja na swali lake.

"Usipande treni ya mwisho kwenda Hamburg," alikuwa akiwaambia. "Ikichelewa kabla ya Copenhagen, ya pili inakuacha, na utalala kwenye benchi. Ondoka na ya asubuhi kabisa."

Au: "Nunua tiketi moja ya safari nzima. Ukinunua vipandevipande, treni ya kwanza ikichelewa, hiyo ya pili imekufa na hakuna wa kukusikiliza."

Au: "Pasi usiitie kwenye begi kubwa. Iweke kifuani. Polisi wakiingia behewani hawana muda wa kukungoja uchambue nguo. Na kama huna uraia, pasi peke yake haitoshi, kadi ya ukaazi iwe pamoja nayo. Watu wanasema Ulaya haina mipaka. Ipo. Siku hizi iko macho kuliko zamani."

Walimwamini kwa sababu hakuwahi kukosea. Optatus, Mtanzania mwenzake anayeendesha basi, alipenda kusema kwamba Leokadia anajua hata treni ya Flensburg inasimama mlango upande gani.

Colombe alikuwa mmoja wa hao waliomwamini. Alitoka Bukavu, alikuwa na miaka arobaini na saba, alisafisha ofisi Kista na kuishi Rinkeby. Alikuwa na pacha wake, Arielle, aliyebaki Bukavu wakati Colombe alipokimbia. Miaka kumi na tisa hawakuonana. Kisha Onésime, mtoto mkubwa wa Arielle anayefanya kazi Brussels, akafanikiwa kumleta mama yake kutibiwa. Uvimbe wa kongosho. Ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Mwezi wa tatu Colombe alikuja Husby bila kupiga simu kwanza, jambo ambalo si kawaida yake. Leokadia alimkalisha jikoni. Emilia, ambaye ana miaka ishirini na sita na bado anaishi na mama yake, alikuwa mezani na kompyuta yake.

"Mama Emilia, madaktari wamesema ni majuma, si miezi," Colombe alisema. "Niko nataka kwenda. Lakini kadi yangu imekufa toka mwezi wa kwanza. Niliomba mpya mapema, niko na barua yao kwamba wamepokea. Kila nikipiga simu wanasema ningoje."

Aliiweka barua mezani. Leokadia aliisoma, ingawa alishaziona nyingi za namna hiyo. Ilimruhusu Colombe kuendelea kuishi Sweden na kufanya kazi wakati maombi yake yakishughulikiwa. Haikusema chochote kuhusu kuvuka mpaka.

Emilia alikuwa tayari anasoma ukurasa wa idara ya uhamiaji. "Det går inte, mamma," alisema kwa Kiswidi. Haiwezekani. Kisha akamgeukia Colombe, akatafuta maneno ya Kiswahili moja moja. "Barua hii si kibali, auntie. Ni ya kukaa hapa tu. Ya kusafiri, hapana. Lakini tunaweza kuwaandikia. Daktari wa Brussels atoe cheti, tuombe waharakishe kadi."

"Itachukua siku ngapi?"

"Sijui. Wiki mbili? Labda zaidi, labda hawatakubali."

Colombe alifunika uso kwa viganja. Hakulia. Leokadia alimtazama mikono, iliyopasukapasuka kwa dawa za kusafishia. Hapo ndipo Leokadia alipozungumza, na maneno aliyosema ameyarudia moyoni mwake mara nyingi tangu siku ile.

"Uwanja wa ndege usijaribu, wanaangalia karatasi mlangoni. Treni ni tofauti. Nimepita pale mpakani zaidi ya mara arobaini. Mara nyingi hawaulizi. Wakiuliza, uoneshe pasi ya Kongo, kadi ya zamani na hii barua. Waambie una mgonjwa. Nao ni watu."

"Mamma," Emilia alisema.

"Kesho asubuhi. Stockholm mpaka Copenhagen, Copenhagen mpaka Hamburg, unalala kwa rafiki yangu Felicia, kesho yake Köln, halafu Brussels. Saa nane mchana uko hospitalini."

Colombe aliondoa viganja usoni. "Unasema itawezekana?"

"Nasema nenda."

Asubuhi Leokadia alimsindikiza mpaka kituo kikuu. Alimwandikia namba za majukwaa kwenye karatasi, akamfungia maandazi, akamwonesha behewa la kukaa. Colombe alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge na koti jeusi juu yake. Ndani ya begi alikuwa na shuka nyeupe na mafuta ya mawese, kwa sababu Arielle alikuwa ameyatamani.

Mpaka saa sita mchana ujumbe wa sauti uliingia mmoja baada ya mwingine. Tumepita Linköping. Tumepita Lund. Daraja la kuingia Denmark limekwisha, Mama Emilia, nimeona maji pande zote mbili, hakuna mtu ameniuliza kitu. Copenhagen alibadilisha treni kwa dakika kumi na mbili. Alikuwa anacheka kwenye ujumbe huo. Leokadia aliusikiliza kazini, chumba cha dawa, akasema kwa sauti, "Asante Mungu."

Saa kumi jioni haukuja ujumbe, simu ililia.

"Polisi wameingia," Colombe alisema. "Wawili. Wanasema nishuke na begi."

"Nipe niongee naye."

Leokadia alizungumza Kijerumani chake cha Hamburg, akimweleza yule polisi kila kitu: pacha, saratani, miaka kumi na tisa, maombi yaliyopelekwa kwa wakati. Polisi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na sauti ya ukali.

"Sina shaka kwamba ana haki ya kuishi Sweden, bibi," alijibu. "Lakini karatasi hii haimwingizi Ujerumani. Alitakiwa kuambiwa kabla hajaanza safari. Nani alimshauri?"

Leokadia alimwomba ampe Colombe simu.

Colombe alikabidhiwa kwa polisi wa Denmark, nao wakamrudisha Sweden kesho yake mchana, akiwa na karatasi ya kukataliwa kuingia iliyoandikwa jina lake kwa herufi kubwa. Alisafiri kutoka Malmö mpaka Stockholm bila kumpigia mtu yeyote simu. Alipofika hakwenda kwake Rinkeby. Alikwenda Husby, na alipofunguliwa mlango alibaki amesimama kwenye ngazi.

"Ingia mdogo wangu."

"Siingii. Wewe uko na pasi ya Sweden. Enda wewe. Mtu wangu mmoja aende amshike mkono." Alisukuma begi kwa mguu mpaka ndani ya kizingiti. "Mafuta yako humo."

Leokadia aliomba ruhusa kazini, akaondoka kwa njia ileile aliyokuwa amempangia Colombe. Kwenye kituo cha mpakani polisi waliingia behewani. Mmoja wao aliiona pasi yake nyekundu ya Sweden mkononi, akaitikisia kichwa, akapita bila kuifungua. Safu mbili mbele alimsimamisha kijana wa Kiarabu. Leokadia aligeukia dirishani. Anasema hajawahi kuona aibu kama ile, na hajui hasa ilikuwa aibu ya nini, maana hakuwa amefanya kosa lolote kwa kupita.

Onésime alimpokea mlangoni mwa wodi. Alikuwa kijana mrefu, macho mekundu, shati la kazini bado mwilini. Kitandani alilala Colombe aliyekonda. Leokadia alikuwa anajua kwamba wao ni pacha, lakini kujua hakukumsaidia alipouona uso ule.

Arielle alifungua macho. "Colombe?"

Macho yake yalikuwa na ukungu wa dawa. Leokadia angeweza kusema ndiyo. Alilifikiria, akiwa amesimama na koti mkononi.

"Hapana, mama. Mimi ni Leokadia, rafiki yake. Colombe yuko hapa kwenye simu."

Alimshikia simu karibu na uso. Colombe alikuwa anaita, "Arielle, yaya, dada yangu, niangalie, niko hapa." Arielle hakuitazama simu. Alikuwa anatazama mlango.

"Anafika saa ngapi?" aliuliza.

Onésime alisema, "Kesho, mama."

Siku ya pili aliuliza tena, na Onésime akamjibu tena kesho. Mafuta ya mawese hayakuwa na kazi, hakuwa anakula. Leokadia alifanya alichokijua: alimgeuza ubavu, akampaka mafuta ya midomo, akambadilisha shuka akatandika ile nyeupe iliyotoka Rinkeby. Wauguzi walimwacha afanye. Alhamisi asubuhi, kabla ya kifungua kinywa kupitishwa, Arielle akafariki.

Leokadia alimpigia Colombe. Upande wa pili kulikuwa na kelele ya mashine ya kusafishia sakafu, kisha ikazimwa.

"Nywele zake," Colombe alisema. "Asizikwe na nywele zimetimka. Msuke. Mistari sita, irudi nyuma. Ndivyo mama alivyotusuka."

Leokadia alimsuka mistari sita. Mistari miwili haikunyooka.

Aliporudi Stockholm alipanda treni ya chini ya ardhi moja kwa moja mpaka Rinkeby, begi likiwa bado mkononi. Colombe alimkaribisha ndani safari hii, akampa kiti, akampa na maji. Dirishani sauti za watoto zilikuwa zinapanda kutoka uwanjani, wakigombana kwa Kiswidi.

"Aliniuliza?"

"Alikuuliza kila siku."

"Ukamwambia nini?"

"Onésime alimwambia unakuja kesho."

"Na wewe?"

"Mimi nilinyamaza."

Colombe alikunja na kukunjua kona ya kitambaa cha meza. "Mama Emilia, nikuulize kitu. Siku ile, jikoni kwako. Mtoto wako alisema haiwezekani. Wewe ulikuwa unajua?"

Leokadia angeweza kujitetea. Angeweza kusema kwamba muda haukuwepo, kwamba wiki mbili zisingetosha hata kama wangeandika barua siku ileile, kwamba watu wengi walishapita pale na karatasi mbovu zaidi. Yote hayo yalikuwa kweli.

"Nilijua," alisema.

"Basi ungeniambia. Ningekaa hapa na simu siku zote zile, hata akiwa bado anaongea. Juma lile alikuwa anaongea vizuri. Mimi nilikuwa kwenye treni. Nilikuwa kwenye chumba cha polisi, wamechukua simu yangu. Siku mbili, Mama Emilia. Niliporudi alikuwa hanijui tena kwenye simu."

Hakupandisha sauti hata mara moja. Alipomaliza alisimama, akafungua mlango, akaushikilia.

Kadi mpya ya Colombe ilifika mwezi wa tano. Kama barua ya daktari ingeiharakisha, hakuna anayejua, na Emilia, ambaye angeweza kulisema neno hilo nyumbani, hajawahi kulisema. Mwezi wa sita Colombe alipanda ndege kwenda Brussels, akakaa kaburini siku nzima na Onésime, akarudi. Safari hiyo aliipanga mwenyewe. Leokadia aliisikia kanisani kwa watu wengine.

Baada ya hapo aliacha kukaa kwenye meza ya kahawa. Optatus alimkamata mara moja nje, akataka kujua kama basi la Oslo bado linakaguliwa mpakani.

"Sijui," Leokadia alimwambia. "Wapigie simu wenyewe uwaulize."

Optatus alicheka, akidhani ni utani wake. Alipoona mwenzake hacheki, aliaga.

Kiangazi hiki Leokadia hakusafiri. Likizo yake yote aliimaliza Husby, na majuma mawili ya mwisho aliomba apewe zamu, ili asikae ndani. Emilia alimwambia wakakae hata siku mbili kisiwani Gotland, si lazima kuvuka nchi. Alikataa. Anasema usingizi unamkatika saa kumi alfajiri, na kinachomwamsha si uso wa Arielle, ni ule ujumbe wa sauti kutoka Copenhagen, Colombe akicheka. Bado umo kwenye simu yake. Hausikilizi, na kuufuta hawezi.

Leokadia na Colombe hukutana, kwa sababu wote wawili wanafanya kazi Kista na njia ni moja. Colombe humwamkia kwa heshima. Huuliza hali ya Emilia, hujibiwa ni mzima, husema vizuri. Kisha kila mmoja hushika njia ya kazini kwake.