Nguzo ya Mkonge Sebuleni kwa Dada

Dada yangu alinipigia simu kutoka Pearland nikiwa nje ya maktaba ya Mesquite, kwenye meza yetu ya kukusanya saini. Tulikuwa tunaomba jimbo la Texas lipige marufuku kuwang'oa paka kucha. Mimi ni mfanyakazi wa ghala; mambo haya nimejisomea mwenyewe, na huwa nawaeleza wapita njia kwa utaratibu uleule: ukucha wa paka umeota kwenye mfupa, kwa hiyo anayeung'oa hukata kidole kwenye kiungo cha mwisho.

"Kaka, paka amechana kitambaa cha mama," dada alisema. "Nimeshabuku kliniki Jumatatu. Wanamtoa kucha zote za mbele."

Marehemu mama alituachia vitambaa vyeupe vya makochi, alivyovifuma kwa mkono wake. Vyote vilikwenda kwa dada kwa sababu ndiye mwenye sebule inayovistahili. Jambo hilo halikuwa la kumalizwa kwenye simu. Nilimwachia mwenzangu meza, nikaendesha gari hadi Pearland.

Shemeji ndiye aliyenifungulia mlango.

"Wakili wa paka kafika! Mteja wako yuko chini ya kochi, amegoma kutoa maelezo."

"Na wewe uko upande gani, shemeji?"

"Upande wa anayepika."

Dada ni nesi wa chumba cha upasuaji, kwa hiyo sikumfundisha habari za viungo. Nilimwuliza tu watamkata wapi. Alishika ncha ya kidole chake, akaiachia.

"Wanasema anapona haraka."

"Nani anasema?"

"Wanaokata." Kisha akanionyesha nyuzi zilizokatika. "Lakini kitambaa cha mama hakiponi, kaka."

Nililikagua kochi. Mikwaruzo yote ilikuwa kwenye mkono mmoja tu, ule wa dirishani, na paka hulala palepale kwenye jua. Akiamka hujinyoosha na kukwaruza kilicho karibu. Kumbe dada alikuwa amemnunulia kigogo cha kukwaruzia, lakini kilikaa gereji. Nilimwelewa. Kwetu sebule ni ya wageni, na kitu kisichopendeza hakioneshwi. Mama angefanya vivyo hivyo. Ila paka hatafunguliwa mlango wa gereji kila anapotaka kujinyoosha. Isitoshe, kigogo chenyewe kilikuwa kifupi na kiliyumba.

Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua nguzo nene, ubao wa kuisimamishia na kamba ya mkonge. Niliizungushia kamba kwa kubana, nikaisimamisha ubavuni mwa kochi.

"Tumekulia Korogwe, tumevuka bahari kuukimbia mkonge," dada alisema, "wewe unauleta sebuleni kwangu! Na kesho jumuiya wanasali hapa!"

"Watasema tumesimika mzimu," shemeji akaongeza.

Tulikubaliana hivi: nguzo ikae mpaka Jumatatu asubuhi. Paka akiligusa kochi, anapelekwa kliniki. Nilimkata ncha za kucha kwa mkasi wa kucha za paka, huku shemeji akimshika na kulalamika kuliko paka mwenyewe.

Jumapili sebule ilijaa. Mama mmoja alikaa kwenye kochi lile la dirishani, akaitazama nguzo, akamtazama dada. Dada aliinamisha kichwa kabla sala haijaanza. Katikati ya wimbo paka aliamka. Aliweka mguu mmoja kwenye mkono wa kochi, na mimi nikaacha kuimba. Kisha akaigeukia nguzo, akasimama kwa miguu ya nyuma, akakwaruza kwa nguvu hadi mkonge ukalia.

"Ah," yule mama akasema baada ya amina, "kumbe ni ya paka. Mimi nimechaniwa pazia zima. Nani kakutengenezea?"

Jumatatu dada alipiga simu kliniki mbele yangu, akafuta miadi.

Bado mara mojamoja paka hukosea, na dada humbeba hadi kwenye nguzo bila kumpiga. Niliporudi Pearland baadaye, nilikuta kile kitambaa kilichochanika kimeshonwa kwa uzi usiofanana sana na wa mama. Dada alikuwa amekitandika juu ya nguzo, kingo zikining'inia sawasawa pande zote, na paka alikuwa chini yake akikwaruza.

"Sebuleni kwangu," alisema, "hakuna kitu kinachokaa bila kitambaa." Kisha akaniomba karatasi ya saini.