Vanishi ya Jeneza la Baba

Baba alifariki Jumamosi, na mazishi yakapangwa Jumatatu saa nne asubuhi, nyumbani, kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Nilisema jeneza nitalitengeneza mimi. Nilikuwa na karakana ya useremala mjini, pale Majengo, na watu walinijua zaidi kwa kupaka vanishi.

Vanishi nilikuwa nayo. Miaka ya uhaba ilikuwa imenitia woga, kwa hiyo maduka yalipoanza kujaa tena nilinunua makopo manne makubwa nikayapandisha juu ya boriti ya karakana, karibu kabisa na bati, mwizi asiyafikie. Huko juu mchana palikuwa moto kama tanuri. Nilikuwa nachota kidogo kutoka kopo hili, kidogo kutoka lile, kisha nagongea kifuniko kwa nyundo. Vifuniko vilishapinda. Niliviona, nikaendelea na kazi.

Jumapili mchana, uani kwa mama, nilimaliza kupiga msasa nikafungua kopo la kwanza kati ya yale manne niliyotoka nayo karakanani. Juu palikuwa na utando mgumu kama ngozi. Nikautoboa kwa bisibisi. Chini yake kulikuwa na uji mzito wenye madonge. La pili lilikuwa limeganda mpaka chini. La tatu vilevile. La nne nalo halikuwa afadhali.

Kaka yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Chukua pikipiki ushuke Pasua," akasema. "Hata Jumapili hukosi duka lililo wazi."

"Naichuja tu. Itafaa."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Ila uani palijaa wafiwa, na sikutaka isemwe kwamba fundi mzima ameishiwa vanishi siku ya kumzika baba yake. Nikachuja uji wa kopo la kwanza kwa soksi ya nailoni ya shemeji, nikayeyusha kwa petroli ya pikipiki ileile niliyokataa kuipanda, nikapaka.

Jeneza liling'aa, na kwa muda nikapumua. Halafu ukungu ukashuka kutoka msituni ukatulia juu yetu. Saa kumi na moja nikaligusa, kidole kikanata. Nikaleta jiko la mkaa, nikalisogeza karibu na ubavu wa jeneza, nikaanza kupepea.

Mama akatoka jikoni akasimama akiniangalia.

"Unataka kumchoma baba yako?"

Harufu ya petroli ilikuwa bado imejaa pale. Niliondoa jiko, nikaenda nyuma ya zizi nikalia.

Asubuhi lilikuwa linanata bado. Majivu yalikuwa yameligandia, na vipande vya majani makavu ya migomba, na nywele za mbuzi. Waliolibeba walitoa viganja vyao mmoja mmoja kama wanaobandua plasta, na hakuna aliyenitazama usoni. Padri alipomaliza, wakainua kitambaa cheupe kilichotandikwa juu ya kifuniko. Kikachanika, kipande kikabaki. Tukamzika nacho.

Jumanne nilishuka Pasua nikanunua kopo jipya. Nilipolifungua, vanishi ilikuwa nyepesi, safi, rangi ya asali. Nikapaka msalaba wa kaburi. Kabla ya jioni ulikuwa umekauka.

Tangu hapo vanishi inayobaki naimimina kwenye chupa ndogo, naijaza mpaka shingoni hewa isipate nafasi, nafuta mdomo kabla ya kufunga, naandika tarehe, naweka kwenye sanduku la mbao mahali penye kivuli, mbali na moto. Mafundi wenzangu wanasema nina utaratibu mzuri. Nawaeleza habari ya hewa na joto, naishia hapo.

Mama hakuwahi kulitaja tena jambo lile. Niliwahi kujaribu kumwomba radhi, akaniambia nimsogezee kikapu cha maharage. Nikamsogezea, tukachambua mpaka yakaisha.