Kiatu cha Kushukia Kutoka Fizi

Mwanangu, naikumbuka Jumamosi moja ya vumbi jingi, na hata nikiisahau mimi, magoti yangu hayataisahau. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua wewe uko mwaka wa saba, ndio kwanza umetoka shule ya msingi, na mimi niko wa tano wa sekondari, na juzi tu tulifungiwa geti pamoja kwa kuchelewa. Lakini mimi nimeshashuka mlima wa Fizi bila breki, wewe bado. Kwa hesabu hiyo naweza kuwa babu yako.

Nimesikia ninyi wadogo mmeanza kujiandikisha kwa mbio za baiskeli za mwaka huu, zile za kupanda kutoka Baraka mpaka Fizi na kurudi, barabara yote udongo na kokoto. Nimesikia pia kwamba mnachoulizana ni mtavaa nini ili mtoke vizuri kwenye picha. Basi kaa. Sina haraka, na wewe huna pa kwenda.

Mwaka nilioshindana mimi sikuwa na baiskeli. Niliazima ya yaya Asende, kaka yangu mkubwa, ambaye kazi yake ni kushusha mihogo kutoka Fizi hadi sokoni Baraka. Nyumbani tunakula kwa baiskeli hiyo. Siku isipotoka, mama hawashi moto mapema. Yaya alinikabidhi Ijumaa, akabaki ameshika usukani muda mrefu kama mtu anayemuaga mgonjwa.

"Kinga irudie nzima," aliniambia. Kinga ndiyo baiskeli, kwetu. "Juma tatu niko na mihogo ya batu. Ushinde, usishinde, ile iko yako. Mi nataka kinga."

"Yaya, nitakuletea na mipira mipya juu yake!"

Zawadi ya mshindi ilikuwa matairi mawili mapya, na ya yaya yalikuwa laini kama kipara cha mwalimu wetu wa hesabu.

"Leta kwanza ile nilikupatia," akasema, akaingia ndani.

Sasa, habari ya mavazi. Kwenye simu ya rafiki yangu Bahati nilikuwa nimeona video ya Wazungu wakishindana kwenye barabara ya kokoto kama hizi zetu. Niliitazama mpaka Bahati akanidai chaji yake. Nikaona nguo za kubana, kofia ngumu, miwani, na viatu vinavyoshika pedali kama kupe. Nikaona pia kwamba baiskeli zao hazina portebagaje, kile chuma cha nyuma cha kufungia mzigo. Video ilikatika kabla hawajaanza kushuka. Hilo nililigundua baadaye, nikiwa mahali pabaya pa kugundulia mambo.

Nguo ya kubana nilipata kwa dada yangu Riziki: kolan yake nyeusi, ile ya kuvaa ndani ya jupe, yaani sketi. Alinipa kwa sharti moja: "Ukiipasula, utavaa jupe yangu na masomo utaenda nayo." Kofia ngumu ilikuwa kaske ya jirani yetu wa pikipiki, kubwa, yenye kioo kilichopasuka. Miwani nilinunua sokoni. Viatu nikachukua vyangu vya kuchezea mpira, vyenye meno sita chini, nikijisifu kwamba vitashika pedali kuliko hata vya wale Wazungu.

Kisha mimi na Bahati tukaifungua baiskeli ya yaya ili iwe nyepesi. Portebagaje tukaivua. Vyuma vya breki ya nyuma vilikuwa vimefungwa pamoja nayo, vikatoka pia.

"Na freni?" Bahati akauliza.

"Freni inachelewesha mutu," nikamjibu.

Bolti tukazitia kwenye kopo la nyanya. Kopo hilo sijaliona tena mpaka leo.

Asubuhi ya mbio, mwanangu, nilipendeza. Nasema bila majivuno. Hata mbuzi walinitazama. Kando yangu akasimama kijana wa rika langu, Nestor, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Alikuwa ameshapiga pedali kutoka Lusenda alfajiri hiyo, kama vile safari yenyewe haihesabiki. Alivaa shati la mikono mirefu lililopauka, suruali iliyofungwa miguuni kwa vipande vya tyubu, kitambaa shingoni, na sandali za kukatwa kwenye tairi la gari. Portebagaje yake ipo, breki zake mbili zipo, na pampu ameifunga kwenye chuma.

"Eh, mukubwa!" Bahati akaanza. "Unaenda kulima ao kushindana?"

"Miguu yake iko na mipira ya gari," nikaongeza. "Kinga ni ya nini tena?"

Watu wakacheka. Nestor naye akacheka, akaangalia viatu vyangu.

"Na we? Golikipa wako amebakia wapi?"

Wakacheka zaidi, na hapo sikuona tena utani uko wapi. Yeye akainama karibu, akasema kwa sauti ya chini, bila kunikejeli: "Ndugu, umevaa ya kupanda. Ya kushuka iko wapi?"

"Kushuka inajishukiaka yenyewe," nikamwambia.

Tukapanda. Miwani ilinisaidia, nakiri, kwa sababu lori lilitupita likatumwagia barabara nzima usoni. Viatu viliteleza kwenye pedali za chuma kila nikikaza mguu. Kaske ilinichemsha kichwa mpaka nikaivua nikaitundika kwenye usukani. Kolan ilipasuka nyuma kabla sijafika nusu ya mlima, na tangu hapo kila aliyekuwa nyuma yangu alikuwa na furaha. Hata hivyo miguu yangu ilikuwa mizuri na baiskeli ilikuwa nyepesi. Tuligeuka pale Fizi mimi nikiwa wa pili, Nestor wa kwanza.

Tulipoanza kushuka, nikampita. Nataka ulikumbuke hilo, kwa sababu ndilo jambo zuri la mwisho katika habari hii. Alikuwa anashuka kwa adabu, mguu wa kulia umeegemea tairi la mbele, soli ya sandali ikisugua taratibu. Ndivyo wanavyofunga breki watu wote wa mizigo. Yaya Asende hufanya vivyo hivyo kila siku, na mimi nilikuwa nimemwona maisha yangu yote bila kumtazama.

Kwenye mteremko wa pili, mpira wa breki ya mbele ukaruka ukaenda zake porini. Breki ya nyuma ilikuwa nyumbani, imelala vizuri. Nikapeleka mguu kwenye tairi kama nilivyomwona Nestor. Meno ya kiatu yakaanza kulia trrrr, nikasikia harufu ya plastiki, na jino moja likang'oka likanipita sikioni. Mbele kuna kona, na chini ya kona ni bonde. Mwanangu, sikufikiria matairi mapya. Sikufikiria hata kichwa changu, na kaske ilikuwa inaning'inia pale ikilinda usukani. Nilifikiria Jumatatu. Niliona uso wa yaya akiokota vyuma.

Nikageuza kuelekea upande wa juu wa barabara, kwenye majani marefu. Tulianguka mimi chini, baiskeli juu. Magoti yalichubuka mpaka nyama nyeupe. Kabla ya kuyaangalia nilizungusha gurudumu la mbele, nikaona linazunguka sawa, nikapumua.

Mama mmoja aliyekuwa anapita na kapu la mihogo akasimama.

"Mutoto wa nani huyu, anavaa kolan ya mwanamuke?"

"Mama, freni imekatala."

Akaizunguka baiskeli. "Ya nyuma iko wapi?"

"Niliiacha kwetu."

"Basi na we ungebakia nayo," akasema, akaenda zake akicheka peke yake.

Nestor akafika. Angeweza kupita, mbele yake hapakuwa na mtu tena. Akaegemeza mguu, akasimama. Wakati anasimama wawili walitupita, na mmoja wao ndiye aliyepata yale matairi. Nestor akaangalia viatu vyangu, akaangalia bonde, akavua sandali ya kushoto akanirushia.

"Na we utafanya nini?" nikamwuliza.

"Mi nafungaka na ya kuume tu. Moja inatosha. Sugua polepole, usikaze, ukikaza inawaka moto." Kisha akaitoa kaske kwenye usukani wangu, akanivika kama mama anavyomvika mtoto. "Hii iko ya kinga ao ya kichwa?"

Nikainama kuvaa sandali.

Tukashuka, yeye mbele na mguu mmoja mtupu, mimi nyuma na kiatu cha mpira upande mmoja na sandali ya Lusenda upande wa pili. Yeye alimaliza wa tatu. Mimi nilimaliza wa mwisho, watu wakikunja viti. Nikaanza kumpangia maneno marefu ya shukrani, akanyoosha mkono.

"Leta kiatu, ndugu. Njia iko murefu."

Nyumbani, yaya Asende alizungusha magurudumu, akagonga spoki moja moja, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Halafu akafika nyuma.

"Portebagaje?"

"Iko ndani."

"Na bolti?"

Nikatazama kuku.

Bolti za kipimo kile hazikupatikana mpaka Jumanne. Kwa hiyo Jumatatu mihogo ya watu ilishuka kutoka Fizi juu ya kichwa changu, mafungu mawili, na yaya akitembea kando na mafungu yake. Wenye mizigo walitupita mmoja baada ya mwingine wakiniita "Shampioni!" Nami nilikuwa natazama miguu yao. Wote, mwanangu, sandali za tairi.

Sasa nasaha, maana umeanza kupiga miayo. Anza na breki, zote mbili, kabla ya kuchagua rangi ya shati. Chagua kiatu kwa kufikiria mteremko, na kijaribu siku ya kawaida, sio siku ya mbio. Vaa mikono mirefu, funga suruali isiingie kwenye mnyororo, linda macho na pua, na kaske ikae kichwani hasa wakati wa kushuka. Kolan ya dada yako iache. Baiskeli ikiwa ya mtu, usiifungue bila yeye kujua. Jua kwanza Jumatatu ina kazi gani. Na ukimwona mtu amevaa usivyovijua, muulize kabla ya kumcheka. Huenda ameshafika unakokwenda.

Nenda mwanangu. Mungu akupe upepo wa nyuma ukipanda na barabara kavu ukishuka. Akurudishe na ngozi ya magoti yako yote. Na ikiwa utakuwa mkaidi kama babu yako huyu, basi nyuma yako ampitishe Nestor.