Firimbi za Kaunti

Jirani yangu alimtoa binti yake shuleni akampeleka Elwak kwa shangazi, na kabla mvua haijanyesha tukasikia ameolewa. Msichana hakuwa amefeli wala kukosea mtu. Alinyang'anywa begi kule kwenye laga ya njia ya shule na vijana wawili wa pikipiki, wakamvuta mpaka hijabu ikatoka kichwani. Mama yake alisema begi litanunuliwa jingine. Baba yake akapanga safari.

Tangu siku hiyo mume wangu naye akawa na wimbo mmoja. Ni dereva wa lori la mifugo, analala njiani zaidi kuliko anavyolala nyumbani, na kila akipiga simu ananiambia, "Ikitokea kwa wetu hata mara moja, anakwenda Eldas kwa mama yangu." Si mtu mbaya. Lakini mtu aliye mbali hutaka kila kitu chake kifungwe kamba. Binti yetu yuko kidato cha pili na ana kichwa cha hesabu ambacho sijui alikitoa wapi, maana kwangu hakukitoa. Kwa hiyo kila alasiri nilikuwa na hofu mbili: mtoto asiguswe, na shule yake isikatwe. Nilikuwa nikiswali Asri, na moyo uko kwenye laga.

Laga yenyewe ni mkondo wa mchanga mkavu unaotenganisha bula letu, yaani mtaa wetu, na shule. Maji hupita humo mvua ikija tu. Kingo zote mbili zimejaa mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa ukaamua kutuzuia sisi. Pikipiki nzima inajificha humo na huioni.

Basi kaunti ikaita mkutano. Afisa wa usalama alikuwa kijana mpole kutoka "Kenya", kama tunavyosema hapa Garissa, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Akaahidi kwamba mathenge itafyekwa na taa za sola zitasimamishwa. Wakati tunangoja, kila msichana wa shule na kila nyumba itapewa firimbi. Ukivamiwa, puliza. Ukisikia, toka. Niliuliza maswali mengi, nikaingizwa kwenye kamati ya usalama ya wodi, kwa sababu huku kwetu anayeuliza ndiye anayepewa kazi.

Bibi anayeuza chai karibu na msikiti akasimama. "Wallahi, afisa, hiyo kitu ni ya ngamia. Ngamia akikunywa maji, mwanamume anabiga firimbi ndio akunywe mbaka ashibe. Sasa mimi mwanamke mzima nibige, watu waseme nini?"

Afisa alicheka, akadhani ni mzaha. Bibi hakuwa na mzaha hata kidogo. Kwetu mwanamke mwenye heshima zake hapulizi firimbi barabarani, na mimi mwenyewe, mtoto wa wafugaji wa Eldas, niliishika ile yangu ya plastiki nikaona haya kuitia mdomoni. Lakini nilizigawa. Niliingia nyumba baada ya nyumba nikiwaambia akina mama kwamba aibu haijamuua mtu.

Kilichofuata ni vurugu. Firimbi zilizokataliwa na akina mama zilichukuliwa na watoto. Wakachezesha nazo mpira, wakasimamisha nazo mikokoteni ya punda, wakatiana adabu. Na kila ilipolia moja, mimi nilitoka. Sikuweza kukaa. Nilikuwa naacha unga kwenye sinia, nashika viatu mkononi kwa sababu mchanga wa laga unavimeza, na mbio! Nafika, nakuta goli limefungwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami sikuwa hata nimeumwa, niliona tu jirani alivyoumwa.

Siku moja firimbi ililia ndefu, bila kukatika, kutoka upande ule ule wa shule. Nilikimbia mpaka nikasikia ladha ya damu mdomoni. Nikamkuta mzee mmoja kwenye birika la maji ananywesha ngamia wake. Alikuwa amegundua kwamba firimbi ya kaunti inapumzisha midomo. Akaniangalia, viatu mkononi, ushungi begani, akasema kwa upole mkubwa, "Abaay, dada yangu, karibu. Na wewe una kiu?"

Waliokuwa wakichota maji walicheka mpaka mitungi ikamwagika. Wasichana wa shule walikuwa wanapita. Wangu alikuwa katikati yao. Hakucheka, aliangalia chini akaendelea kutembea.

Jioni hiyo aliniambia, "Hooyo, please, wacha hizo mbio. Shule nzima wananiita mtoto wa ambulance."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia akizaa wake atajua, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Akaingia ndani.

Baada ya hapo pakatulia. Tingatinga la kaunti lilikuja, likafyeka kipande cha mathenge upande wa barabarani ambako kila mtu anaona, likaondoka. Nguzo za taa zilisimama bila taa. Kwenye kikao cha kamati afisa alisema anafurahi, firimbi za upande wa laga hazisikiki tena, ni dalili kwamba vijana wale wamehama. Wenzangu wakasema alhamdulillahi. Mimi nilisema hivyo hivyo, lakini mwili wangu haukukubali. Kimya kile kilikuwa kinaniwasha.

Kisha ikaja alasiri ambayo hakuna kilicholia kabisa. Nilikuwa mlangoni, nakaa, nasimama, nafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Nikawaona wanawake wawili wa pale kwenye birika wanakuja na binti yangu katikati. Alikuwa pekupeku. Kiwiko kimechunika, sketi imejaa mchanga, na mkononi ameshika mkanda wa begi bila begi.

Wale wale wa pikipiki. Walimkamata begi, naye akaling'ang'ania kwa sababu vitabu vyote vilikuwa humo, wakamburura mpaka mkanda ukakatika. Akanyanyuka akakimbilia kwenye birika, kwa watu.

Nilimwosha kiwiko. Nilipoinua hijabu kumfuta shingo, nikaiona firimbi imening'inia kwenye uzi wake, safi kama siku niliyompa.

"Ulikuwa nayo," nikasema. "Kwa nini hukupuliza?"

"Ungekuja."

"Si ndiyo maana yake! Ningekuja!"

"Ungekuja mbio, hooyo, na viatu mkononi. Na wasichana wote walikuwa kule ng'ambo wananiangalia." Akaanza kulia hapo, si kule kwenye laga. "Hakuna msichana anapuliza. Hata mmoja. Wanasema ukipuliza utaletewa mama yangu."

Niliumia. Nimewahi kuzaa kwa shida na nimewahi kumzika mama yangu, na bado naweza kusema neno lile liliniumiza. Wasichana wa bula zima walikuwa wananyamaza kwa sababu ya miguu yangu.

Simu ikalia. Baba yake, kutoka njiani. Nilijua habari imeshamfikia, huku habari hazipandi lori. Nikaitazama simu, nikamtazama mtoto. Binti akanyoosha mkono mzima, akaichukua.

"Aabo, mimi mzima," akasema. Akasikiliza kwa muda mrefu. Nilisikia Eldas ikitajwa, kisha ikatajwa tena. "Hapana, aabo. Kesho naenda shule. Hooyo atanipeleka na kunirudisha, kila siku."

Akaifunika simu kwa kiganja, macho bado yana machozi, akaniinamia.

"Lakini utembee," akaninong'oneza. "Tafadhali, hooyo. Utembee tu."