Mkanda wa Kiti cha Mama

Kwetu mzazi hakai kiti cha nyuma cha gari. Hakuna aliyetufundisha hilo na hakuna anayelibishia. Gari likisimama, mlango wa mbele unafunguliwa, mzazi anashikwa mkono, anaketishwa, mkoba wake unawekwa miguuni, halafu sisi wengine tunajibanza nyuma na watoto, viazi na kuku. Ukimweka mama yako nyuma, watu watauliza mmekosana nini.

Mama yangu alikijua kiti chake kabla gari lenyewe halijafika. Nilipomwambia nimepata gari la familia, lile refu la viti saba, lililotumika Japani kisha likaletwa kwa meli, aliuza ng'ombe wake mmoja kuniongezea. Sikumwomba. Ng'ombe huyo alikuwa wa maziwa, na mama alimpenda kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zetu. Nilipomgombeza alinijibu, "Ng'ombe hawezi kunipeleka kliniki." Mwezi huohuo akafuma kitambaa cha uzi mweupe, kama vile vya kwenye makochi, akakitandika kwenye sehemu ya kichwa ya kiti cha mbele. Kiti cha dereva hakikupata chochote.

Mimi ni mwalimu, naishi Kiamunyi, pembeni ya Nakuru, na binti zangu wawili. Baba yao alienda zake, na hiyo ni hadithi nyingine ambayo sina hamu nayo. Mama anaishi nje kidogo ya Molo, kwenye baridi yake na viazi vyake. Kila mwezi nilimfuata nikamleta Nakuru kliniki ya presha. Ukitoka kwake kuna njia inayoingia lami moja kwa moja bila kugusa soko. Mama hakuikubali njia hiyo hata siku moja.

"Pitia sokoni," aliniambia.

"Ya nini, mama?"

"Wewe pitia tu."

Basi tunazunguka, tunapenya katikati ya malori ya viazi, dirisha limeshushwa hata kama baridi inakata masikio, na mama amekaa wima na kilemba chake kipya, anawapungia mkono wanawake wenzake. Hanunui chochote. Hatusimami. Nilikuwa nikimtania, "Mama, leo umewahutubia vizuri?" Naye anasema, "Nyamaza uendeshe," lakini ninamwona anavyozuia kicheko.

Niko kwenye kikundi cha WhatsApp cha wenye magari kama langu. Ni watu wa kuringa. Wanaweka picha za magari yaliyooshwa, wanaulizana bei ya shoki, wanatukanana kuhusu oili ya injini. Siku moja, saa nne, nikiwa ofisi ya walimu na chai yangu, mtu mmoja aliweka ujumbe usio na picha. Alisema waliotengeneza magari haya wanayaita baadhi yarudi kurekebishwa, kwa sababu airbag, ule mfuko wa hewa wa kumkinga abiria wa mbele, ina kasoro. Kile chuma kinachoupuliza mfuko kinaweza kupasuka wakati wa ajali, hata ajali ndogo ya kugongana bampa. Badala ya mfuko kumkinga mtu, unamrushia vipande vya chuma usoni na shingoni. Chini aliweka mahali pa kuangalia namba ya chasisi.

Watu walianza mzaha papo hapo. Mmoja akaandika, "Boss, hizo ni za majuu. Huku airbag yetu ni Yesu." Nilicheka na mimi, Mungu anisamehe. Niliporudi nyumbani nikatoa logbook, ile hati ya gari, nikaandika zile namba moja moja, mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini. Jibu lilikuwa lilelile. Gari hili ni mojawapo. Halijarekebishwa. Asikae mtu kiti cha mbele cha abiria mpaka lirekebishwe.

Viti saba! Viti saba, na kile kimoja kibovu ndicho cha mama yangu.

Barua za onyo, nilikuja kuelewa, zilitumwa zamani kwa mwenye gari wa kwanza huko Japani. Labda alizisoma ndipo akauza. Labda hakuzifungua. Kwangu haikuja barua, na ingekuja kwa anwani gani?

Nilienda kwenye ofisi ya kampuni iliyotengeneza gari, hapo mjini Nakuru. Nilihudumiwa na bwana mmoja mwenye tai. Akatazama namba, akanirudishia karatasi.

"Madam, hii gari si yetu. Sisi tunashughulikia zile tumeuza wenyewe."

"Jina lililoko kwenye gari langu ndilo hilo liko juu ya mlango wako."

"Ni kweli, lakini yako ilitumika nje."

Nilipiga kelele. Nasema bila kuficha, nilipiga kelele mpaka mlinzi akaingia. Mwishowe yule bwana akaniandika kwenye orodha, akasema kifaa kinaagizwa ng'ambo na kikifika watanipigia. Kila mwezi nikawa nampigia mimi. "Bado, madam." Akafika mahali pa kuijua sauti yangu, ananijibu hata kabla ya salamu: "Madam wa airbag, bado."

Wakati nangoja nilienda kwa fundi wa umeme kule Kaptembwo. Akaniambia, "Hiyo tunazima tu, mathe." Akafungua dashibodi, akafanya mambo yake, na nilipowasha gari ile taa nyekundu ya airbag haikuwaka hata kidogo. Nilishukuru karibu kulia. Nikampigia bwana wa tai kumwambia nimejisaidia mwenyewe. Akaniuliza, "Sasa hiyo taa inawaka?" Nikasema haiwaki kabisa. Akasema, "Basi hakuondoa airbag, aliondoa taa. Airbag ikikatwa, taa inawaka muda wote." Nilirudi Kaptembwo nikiwa nimewaka mimi. Fundi akakuna kichwa. "Lakini si taa ndiyo ilikuwa inakusumbua, mathe?" Fundi wa pili hakukubali hata kufungua. Alisema hiyo kitu ni bomu ndogo na yeye ana watoto. Nikamwambia mimi nina watoto na nina mama pia.

Kuliuza gari? Nimuuzie nani, ili mama ya nani akae pale?

Na sikumwambia mama. Hapo ndipo nilipoharibu, na sitafuti wa kumlaumu. Ningemwambiaje kwamba ng'ombe wake amenunua kitu cha kumkata shingo? Gari lile liliombewa na kupakwa mafuta mbele ya kanisa lake zima. Nikaona nitafute neno dogo la kupitisha siku.

"Mama, mkanda wa mbele umeharibika," nilimwambia. "Polisi wa barabarani watatusumbua. Kaa nyuma kwa sasa."

Alisimama pale ameushika mlango. "Mpaka lini?"

"Mpaka fundi apate mwingine."

Akaingia nyuma, akakaa kati ya wajukuu na gunia. Tulipofika njia panda akasema, "Pitia sokoni," nikapitia. Vioo vya nyuma vya gari hilo ni vyeusi. Nilimwona kwenye kioo changu anapunga mkono, na nje hakuna aliyemwona. Mwezi uliofuata akauliza, "Huyo fundi wa mkanda amekufa?" Nikasema vipuri ni shida. Mwezi mwingine hakuuliza.

Halafu ikaja Jumapili ya mavuno kanisani kwake. Mvua ilianza watu wakitoka, na mke wa mchungaji, yule yule aliyelipaka gari mafuta, akaja mbio chini ya mwavuli akaniomba nimfikishe Molo mjini. Kabla sijajibu alikuwa amefungua mlango wa mbele na kuketi. Nilifungua mdomo. Kwenye baraza walikuwa wamesimama akina mama wote wa kanisa, wamejikinga mvua, wanatutazama. Nilijua nikisema, wote watasikia ng'ombe wa mama alinunua nini. Nikajiambia ni dakika kumi tu, nitaendesha polepole.

Mke wa mchungaji akavuta mkanda, akaufunga. Kwa! Ulishika bila tatizo lolote. Akaegemeza kichwa chake, na mafuta yake ya nywele, kwenye kitambaa cheupe cha mama.

Mama alikuwa ameshaingia nyuma. Aliusikia ule mlio kama nilivyousikia mimi.

Nimeendesha gari miaka mingi na sijawahi kuendesha hivyo. Mikono miwili kwenye usukani, jasho likinitiririka mgongoni katika ile baridi. Kwa kila pikipiki iliyokatiza mbele yangu niliiona shingo ya mke wa mchungaji. "Mwalimu, leo umebeba mayai?" alinitania, akacheka peke yake. Nilikuwa naweza kumuua mtu kwa sababu tu nilishindwa kusema sentensi moja mbele ya watu. Hilo sijajisamehe, na hata yeye mwenyewe hajui mpaka leo.

Tulipomshusha, mama alijinyoosha kutoka nyuma, akavua kile kitambaa, akakikunja mara nne, akakitia mkobani.

"Mkanda umepona," alisema.

Niliingiza gia.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema, nikampeleka kwake.

Mwezi uliofuata nilimpigia kumwambia naja kumchukua. Alikuwa ameshafika Nakuru, ameshapimwa, anarudi. "Usijisumbue," alisema. "Matatu zipo. Tena dereva akiniona mzee hunikalisha mbele." Nilikata simu nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia kama mtoto, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena. Nilikuwa nimemwokoa na kile kiti, na sasa alikuwa anasafiri barabara ile ile, mbele, na mtu asiyemjua. Mwezi baada ya mwezi ikawa hivyo. Nilienda kumwona, alinipikia, aliuliza habari za wasichana. Alinitendea vizuri sana, kama mgeni.

Zaidi ya mwaka ulipita ndipo simu ikalia nikiwa darasani. "Madam wa airbag, imefika." Kazi yenyewe, pamoja na kuirudisha ile taa, haikumaliza saa moja. Hawakunitoza kitu. Bwana wa tai alinionyesha kile chuma kilichotolewa, kidogo tu, kinaenea kwenye kiganja, kina kutu pembeni. Nilikitazama nikashangaa kwamba kitu chenyewe ndicho hicho. Akanipa karatasi yenye mhuri, nikaendesha moja kwa moja hadi Molo.

Nilimkuta mama jikoni anachambua viazi vya mbegu. Kitambaa cheupe kilikuwa kimefunika jagi la maziwa. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake nikamwambia yote: kikundi cha simu, namba ya chasisi, chuma kinachopasuka, bwana wa tai, taa ya Kaptembwo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na viazi.

"Kwanza ilikuwa mkanda," alisema. "Sasa ni mfuko wa hewa."

"Mama, karatasi hii hapa."

Aliitazama bila kuishika. "Na mke wa mchungaji? Huo mfuko ulimjua yeye ni nani, ukamwacha?"

"Nilikosea. Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini?"

"Aibu," nilisema. "Niliona aibu mbele ya watu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa alichokuwa anangoja. "Hiyo nilijua."

"Si wewe! Sikukuonea aibu wewe, mama. Ni gari. Ni ng'ombe wako." Nilikuwa natupa maneno tu, na kila nilichosema kilizidi kusikika vibaya. Aliniacha nimalize. Halafu akasema viazi vya mwaka huu ni vidogo, mvua ilichelewa.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kliniki, kwa hiyo alikubali nimchukue akalale kwangu. Nilifurahi mno kwa hilo tu. Nilifuta vumbi kiti cha mbele kwa leso yangu mwenyewe, nikafungua mlango, nikasimama nao wazi. Mama alitoka na mkoba wake na gunia dogo la viazi vya wasichana. Akanipita. Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaingiza gunia, akaingia.

"Mama, tafadhali. Kimetengenezwa."

"Nimezoea," alisema, akavuta mlango.

Niliufunga ule wa mbele, nikazunguka, nikawasha gari. Taa nyekundu iliwaka kidogo ikazima, kama walivyoniambia ndivyo inavyotakiwa. Tulishuka ile njia ya udongo mpaka njia panda. Kulia ni sokoni, mbele ni lami. Niliwasha indiketa ya kulia, nikamtafuta kwenye kioo.

"Nipitie sokoni, mama?"

Alikuwa anatazama mikono yake.

"Ya nini?" alisema.

Nikazima indiketa, nikashika njia ya lami.